Ahadi ya Mfalme, Deni la Mjane

Baada ya sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli ya mwaka 1130, makarani wa hazina ya Mfalme Henry wa Kwanza wa Uingereza waliandika kwenye ngozi ya kondoo deni ambalo sijawahi kulisoma nikalipita haraka. Mjane aitwaye Lucy, mwenye ardhi nyingi katika kaunti ya Lincolnshire, anadaiwa na mfalme marki 500 za fedha. Hakuwa amekopa. Hakuwa amenunua shamba, ngome wala farasi wa vita. Anadaiwa fedha hizo ili asiozwe kwa muda wa miaka mitano.

Tuzipime kwanza fedha zenyewe, maana namba kubwa za zamani hupita masikioni bila kuacha kitu. Marki haikuwa sarafu. Ilikuwa kipimo cha kuhesabia, na kila marki moja ilikuwa na thamani ya peni 160. Sarafu iliyopita mikononi mwa watu ilikuwa peni ya fedha tu. Kwa hiyo Lucy alitakiwa kutoa peni 80,000. Zigawe kwa siku za miaka mitano, utapata karibu peni 44 kwa kila siku ya kuishi bila mume. Kizazi kimoja baadaye, chini ya Henry wa Pili, askari wa farasi mwenye silaha zake kamili alilipwa peni 8 kwa siku. Mwanamke huyu alikubali kubeba mshahara wa askari watano na zaidi, kila kukicha, ili mfalme asimletee mchumba.

Watu wakikutana na habari hii huichukua kwa njia mbili. Wako wanaoona dhuluma tupu, wakamhurumia Lucy, wakaendelea na safari. Wako wanaomwona shujaa, mwanamke tajiri aliyetumia mali yake kujinunulia uhuru. Kwangu mimi njia zote mbili zinaruka jambo zito zaidi: kitu alichouziwa Lucy kilikuwa tayari ni chake. Mfalme huyohuyo alikuwa ameahidi kumpa, kwa maandishi, miaka 30 kabla. Nitaifikia ahadi hiyo, lakini haieleweki mpaka tumjue mwanamke mwenyewe na tujue waume zake watatu waliifanyia nini mali yake.

Wanahistoria wengi leo wanamhesabu Lucy kuwa binti wa Turold, sherifu wa Lincoln, yaani mtu aliyesimamia kodi, mahakama na amri za mfalme katika kaunti nzima. Kwa upande wa mama anahesabiwa kuwa mjukuu wa William Malet, Mnormani, yaani mtu wa Normandi kaskazini mwa Ufaransa, aliyepigana katika vita vya Hastings mwaka 1066, vilivyowapa Wanormani utawala wa Uingereza. Karne kadhaa baadaye likatokea simulizi la kughushi, lililobandikwa jina la abati, yaani mkuu wa watawa, mmoja wa Crowland, likamfanya binti wa Ælfgar, mtawala wa Mercia, ili ionekane kwamba damu ya wakubwa wa kale wa Kiingereza imeingia katika mali ile. Hata nasaba yake ikawa kitu cha watu wengine kutumia.

Mali hiyo ilikuwa nini? Ilikuwa mashamba, vijiji na watu waliofungwa kwenye ardhi, vyote vikizunguka sehemu mbili: Bolingbroke, kwenye vilima, na Spalding, kwenye ukingo wa kinamasi kikubwa cha mashariki mwa Uingereza. Kinamasi kile hakikuwa ardhi ya bure. Kilitoa samaki, kilitoa chumvi, kilitoa malisho. Kitabu cha Domesday, ile sensa ya ardhi na mali iliyofanywa mwaka 1086, kinaitaja Spalding pamoja na soko lake, mahali pake pa kuvulia samaki na pa kutengenezea chumvi. Bolingbroke kinaitaja kuwa na soko jipya. Soko maana yake ushuru, na ushuru maana yake fedha taslimu katika nchi ambayo malipo mengi yalifanywa kwa nafaka na nguvu za mwili.

Ukifungua kitabu hicho ukatafuta mwenye Spalding na mwenye Bolingbroke, utakuta jina la Ivo Taillebois. Huyo ndiye mume wa kwanza wa Lucy. Karani hakuwa amekosea. Katika sheria za makabaila wa Kinormani, mwanamke aliyerithi ardhi aliipeleka ardhi hiyo mikononi mwa mumewe siku ya harusi. Mume ndiye aliyekula kiapo cha utii kwa ajili yake, ndiye aliyekaa mahakamani, ndiye aliyepokea mapato, na ndiye aliyeandikwa. Ardhi ilibaki ya ukoo wa mke, na ingewaendea watoto wake, lakini mkono uliokuwa juu yake ulikuwa wa mume.

Ivo alikufa karibu na mwaka 1094. Akaja Roger mwana wa Gerold, ambaye naye alifariki baada ya miaka michache, akimwachia Lucy mtoto wa kiume, William de Roumare. Karne ile ya 11 haikuisha kabla Lucy hajawa katika nyumba ya mume wa tatu, Ranulf, kabaila wa upande wa Bayeux huko Normandi ambaye mfalme alikuja kumkabidhi eneo la Carlisle kwenye mpaka wa Scotland. Ndoa hiyo ilidumu takriban miaka 30, na ndani yake walizaliwa watoto, akiwemo Ranulf wa pili. Kwa nje inaonekana ndoa ya utulivu. Kwa hesabu za ardhi ndiyo iliyomuumiza zaidi.

Usiku wa Novemba 25, 1120, jahazi lililoitwa Meli Nyeupe lilizama karibu na Barfleur, likaondoka na mwana pekee halali wa mfalme na kundi la vijana wa koo kubwa. Miongoni mwao alikuwa Richard, eli wa Chester. Eli kilikuwa cheo cha juu kabisa cha makabaila, chini ya mfalme tu, na Chester ilikuwa ngao ya Uingereza upande wa Wales. Richard hakuacha mtoto. Ranulf, mume wa Lucy, alikuwa binamu yake, naye akapewa cheo.

Hakupewa bure. Orderic Vitalis, mtawa aliyeandika historia ya zama hizo akiwa Normandi, anaeleza kwamba ili kuipata Chester, Ranulf alimwachia mfalme ardhi iliyotoka upande wa mkewe. William de Roumare, mwana wa Lucy kwa mume wa pili, alikwenda kwa mfalme kudai urithi wa mama yake, akakataliwa kwa maneno ya kumvunjia heshima. Akarudi Normandi, akachukua silaha, akapigana na watu wa mfalme kwa karibu miaka miwili kabla ya kupatana naye.

Hapo mimi nasimama. Mume anapanda cheo kwa kutoa ardhi ya mke. Mwana anaingia vitani kuidai. Mfalme anaipokea na anakataa kuirudisha. Wanaume watatu wanabishana juu ya urithi wa mwanamke aliye hai, na katika simulizi zima la Orderic yeye mwenyewe hatusikii akisema neno.

Ranulf alikufa Januari 1129. Ndipo Lucy anapoanza kuonekana akitenda kwa jina lake, na anaonekana mahali ambapo wanawake wachache wa zama zake wanaonekana: kwenye gombo la hesabu za hazina. Kila mwaka masherifu walifika mbele ya maofisa wa mfalme, wakaketi kuzunguka meza iliyotandikwa kitambaa cha miraba kama ubao wa drafti, na vibao vikasogezwa juu ya miraba hiyo kuonyesha nani amelipa na nani bado anadaiwa. Matokeo yaliandikwa kwenye ngozi na kuviringishwa. Gombo la 1130 ndilo la zamani kuliko yote yaliyosalia. Yaliyotangulia yamepotea, na baada yake kuna pengo la miaka 25. Ni kama mlango uliofunguliwa kwa dakika moja, na katika dakika hiyo Lucy anapita.

Deni la marki 500 halikuandikwa peke yake. Yapo madeni mengine mawili yanayomhusu, nami naamini lazima yasomwe kwa pamoja. La kwanza ni pauni 266, shilingi 13 na peni 4 kwa ajili ya ardhi ya baba yake, ambazo ni marki 400 kamili. La pili ni hizo 500. La tatu ni marki 100 ili aweze kusikiliza kesi na kutoa hukumu katika mahakama yake, miongoni mwa watu wake mwenyewe. Jumlisha: marki 1,000.

Wanaoandika juu ya Lucy huvutwa na lile la katikati, la kutoolewa, kwa sababu linashangaza. Mimi lile la tatu ndilo linalonifungua macho. Mwanamke aliyechoka, anayetaka kumaliza siku zake kwa amani kando ya moto, hanunui kiti cha hukumu. Kiti hicho ndipo palipoamuliwa nani arithi shamba gani, nani atozwe faini, mpaka wa nani umehamishwa. Mwenye ardhi asiyeketi hapo anamiliki miti na matope. Watu wanamtii mwingine. Na mwenye ardhi na mahakama akiozwa kesho, mume mpya atakalia kiti chake keshokutwa. Ndiyo maana yale madeni matatu yanashikana kama mafiga. Ardhi irudi, mume asiwepo, hukumu iwe yangu. Huu ni mpango wa mtu aliyeitazama mali yake ikiendeshwa na wengine kwa zaidi ya miaka 40 na aliyejua hasa ni vifungo vipi vya kufungua.

Mwanawe mwenyewe yumo kwenye gombo hilohilo. Ranulf wa pili, eli mpya wa Chester, anadaiwa pauni 1,000 zilizobaki katika deni la baba yake la kuipata Chester. Tena anadaiwa marki 500 kwa ajili ya mapatano ambayo mfalme aliyafanya kati yake na mama yake juu ya fungu la ujane. Msomaji asilichanganye fungu hilo na mahari. Lilikuwa sehemu ya ardhi ya mume, ambayo baadaye desturi iliiweka kwenye theluthi moja, aliyoishika mjane kwa kujikimu mpaka kufa kwake. Kwa mwana, mama aliyeishi miaka mingi alikuwa theluthi ya urithi isiyofikika. Kwa mfalme, ugomvi wa mama na mwana ulikuwa chanzo cha mapato.

Sasa niifikie ahadi. Agosti 2, 1100, Mfalme William wa Pili aliuawa kwa mshale akiwa mawindoni. Siku tatu baadaye mdogo wake Henry alitawazwa, akiwa na kaka mwingine hai mwenye madai ya kiti hicho. Alihitaji makabaila wawe upande wake, na aliwahitaji haraka. Akatoa hati ya kutawazwa kwake, akaahidi kuacha maonevu ya kaka yake. Miongoni mwa ahadi hizo kuna habari za wajane. Mjane aliyebaki na watoto atakuwa na fungu lake la ujane na mali aliyokuja nayo katika ndoa, maadamu anaishi kwa heshima, na mfalme hatamwoza ila kwa mapenzi yake. Hati haikutaja ada wala muda wa miaka mitano.

Waswahili tunasema ahadi ni deni. Mwaka 1100 Henry aliahidi. Mwaka 1130 hesabu zinapofungwa, jina lililo upande wa wadaiwa ni la Lucy.

Najua jibu ambalo mtu aliyesoma zama hizo atanipa. Atasema kila kitu katika utawala wa Kinormani kilikuwa na bei: sherifu alinunua cheo, mrithi wa kiume alilipia ardhi ya baba yake, na kijana yatima aliozwa kwa faida ya mlezi wake sawasawa na msichana. Yote ni kweli, na yatima wa kiume wa zama hizo wanastahili makala yao. Lakini mvulana alikua. Akifika umri wa utu uzima na kulipa kiingilio cha urithi wake, hakuna aliyemnadi tena. Mwanamume aliyefiwa na mke hakulipa peni 44 kwa siku ili aachwe peke yake. Lucy mwaka 1130 alikuwa tayari bibi mwenye wajukuu, amezika waume watatu, na bado alikuwa kwenye orodha ya vitu ambavyo mfalme angeweza kumtunukia mtumishi wake.

Na mfalme alikuwa na sababu ya kumtunuku mtu. Kwa mkuu mwenye watumishi wengi na ardhi isiyoongezeka, mjane tajiri alikuwa zawadi isiyomgharimu kitu. Mwanamume akimwoa, anapata mapato, wapiganaji na mahakama, na mfalme anapata mtu mwaminifu katika kaunti nzito. Lincolnshire ilikuwa nzito kwelikweli. Kufikia mwisho wa 1140, wana wawili wa Lucy, ndugu wa baba tofauti, waliingia kwa hila katika ngome ya Lincoln wakaishika. Mfalme Stephen, aliyemrithi Henry, alipokuja kuwatoa, alishindwa vitani nje ya mji huo Februari 2, 1141, akakamatwa yeye mwenyewe. Nguvu waliyorithi kutoka kwa mama yao ilitosha kumtia mfalme gerezani.

Baada ya Lucy, biashara iliimarika. Mwaka 1185 maofisa wa Henry wa Pili walizunguka kaunti kadhaa wakiandika wajane na yatima waliokuwa chini ya mamlaka ya mfalme: umri wake, watoto wake wangapi, shamba lake linaingiza pauni ngapi, na lingeingiza ngapi likiongezewa kondoo au ng'ombe wa kulima. Miaka ya mwanamke na idadi ya kondoo vinakaa katika maelezo yaleyale. Sijui namna ya kusoma kurasa hizo bila moyo kukunjamana.

Hawise wa Aumale alifiwa na mume mwaka 1189, na Mfalme Richard akamchagulia mwingine, William de Forz. Hawise akakataa. Mfalme akaamuru mali yake ikamatwe na kuuzwa mpaka akubali, naye akakubali. Aliolewa mara ya tatu pia. Mume huyo wa tatu alipokufa mwaka 1212, Hawise alimwahidi Mfalme John marki 5,000 kwa ajili ya urithi wake, mafungu yake ya ujane na kutolazimishwa kuolewa tena. Weka namba hizo mbili pamoja: marki 1,000 za Lucy kwa ardhi, mahakama na miaka mitano ya kutoozwa; marki 5,000 za Hawise. Bei zote zilikuwa zimepanda kati ya miaka hiyo, hilo sikatai, lakini hakuna mavuno mabaya yanayoeleza tamaa ya John. Mwaka 1214 alimtoa Isabella wa Gloucester, mwanamke aliyekuwa mke wake mwenyewe kabla ya ndoa yao kubatilishwa mwaka 1199, akamuuza kwa Geoffrey de Mandeville kwa marki 20,000.

Mwaka uliofuata makabaila walimlazimisha John kukubali Magna Carta, hati ya kuwekea mipaka madaraka ya mfalme. Kifungu cha 7 kinampa mjane urithi wake na mali yake ya ndoa mara moja, bila kulipa. Kifungu cha 8 kinasema mjane asilazimishwe kuolewa maadamu anataka kuishi bila mume, ila aweke dhamana kwamba hataolewa bila idhini ya mfalme. Vifungu hivi husifiwa kana kwamba vilidondoka kutoka kwenye hekima ya wanaume waliokusanyika Runnymede. Mimi nashikilia kwamba viliandikwa kwanza na wanawake waliokuwa wakilipa. Kila deni la aina ya Lucy lilikuwa ushahidi ulioandikwa na hazina yenyewe kwamba mjane anaweza kusema hapana na nchi isianguke. Baada ya karne nzima ya magombo kama hayo, kilichobaki kudaiwa kilikuwa kufuta bei.

Na bei ilifutwa kwa wachache. Mwanamke wa kijijini Spalding, aliyefungwa kwenye ardhi ya bwana, hakuwa na nafasi kwenye meza ya miraba. Watu wa hali yake waliwalipa mabwana zao ada binti zao walipoolewa, na mabwana hao waliweza kuwa wanawake pia. Tukisema Lucy alipigania nafsi yake, tukumbuke peni zake zilitoka wapi: kwa wavuvi, wachemsha chumvi na wakulima wa kinamasi, nusu yao wanawake.

Miaka mitano ya mkataba wake ilifika ukingoni karibu na mwaka 1135. Mfalme Henry alikufa Desemba 1 mwaka huohuo. Lucy hakuolewa tena. Karibu na wakati huo alitoa ardhi yake ya Stixwould kwa nyumba ya watawa wa kike, na wanawake wakaishi pale, sala na hesabu za shamba mikononi mwao, mpaka Henry wa Nane alipoifunga kabisa mwaka 1539.

Yeye alifariki karibu na 1138. Kuna hati yake moja ya miaka ya ujane ambayo kwangu inapita majengo yote. Ndani yake anawapa watawa wa Spalding shamba kuu la mahali pale, na ili kueleza haki zinazoambatana nalo, anasema walishike kwa uhuru uleule alioushikia yeye wakati wa Ivo Taillebois, na wakati wa Roger mwana wa Gerold, na wakati wa eli Ranulf. Waume watatu wamekuwa tarehe. Aliyeshika ardhi, katika sentensi yote, ni Lucy, na ardhi ni Spalding ileile ambayo karani wa 1086 aliiandika kuwa ya Ivo.